Nyuzi Zilizolegezwa

Gesine Vollmert aliniuliza mbele ya watu, kando ya uzio wa kiwanja namba moja, jasho likiwa bado linamtiririka shingoni: "Mjomba Lothar, ulimwambia nani?"

Sikumwambia mtu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asipoteze muda kunichunguza. Ninachotaka kueleza ni jinsi lilivyoulizwa swali lile, na jinsi jibu lake lilivyonipita mbele ya macho likaenda kulala kwa watu wengine.

Katika klabu yetu ya tenisi hapa Hemmelrode kila mwanachama ana kazi. Majira ya kuchipua yanapofika, wote hutoka na reki na toroli, mwanasheria kwa mwashi, kuondoa udongo uliooza kwa theluji na kumwaga mwekundu mpya. Mimi, juu ya hiyo, nilifunga nyuzi za raketi. Mchana nilikuwa kiwanda cha milango. Miaka ya nyuma, jioni nilikwenda shule ya watu wazima mpaka nikapata cheti nilichokikosa nikiwa kijana kwa sababu ya shida za baada ya vita. Mashine ya nyuzi niliiweka kwenye chumba cha chini ya nyumba, katikati ya magunia ya viazi na mitungi ya matango ya mke wangu Irmtraud.

Gesine alishuka ngazi za chumba kile kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka minane, na raketi ya kaka yake iliyokatwa mpini, nami nikamruhusu aniite mjomba ingawa hatukuwa ndugu. Baba yao alishaondoka, mama yao alikuwa akiuza mikate. Kaka mtu, Henning, ndiye aliyempigia mipira ukutani kila alasiri hadi giza linaingia. Kwa hiyo tusimseme Henning kana kwamba hakuwahi kuwa mtu mwema. Alikuwa.

Msichana alipofika miaka kumi na saba aliacha shule akawa mchezaji wa kulipwa. Henning aliacha kujifunza ufundi umeme akawa kocha wake, dereva wake na mpishi wake. Walizunguka Ulaya kwa Opel kuukuu yenye godoro nyuma: Taranto, Liège, Budapest. Tambi walizipikia kwenye jiko la gesi katika maegesho ya magari. Baadaye ikaja miaka ya ndege, na mmoja wa miaka hiyo Gesine aliingia katika wanawake mia bora duniani. Alipocheza raundi ya tatu kule Paris, kiwanda chetu kiliweka televisheni kantini, na msimamizi, mtu ambaye hakuwahi kucheka, alisimama juu ya kiti. Raketi alizocheza nazo siku ile zilipitia mikononi mwangu. Aliniletea mpira mmoja wa pale. Irmtraud aliuweka kabatini pamoja na vikombe vya harusi.

Lakini mwili wa mchezaji ni mkate. Wa jana na wa leo hauwi sawa. Kufikia mwaka tisini na nne Gesine alikuwa anakaribia thelathini, na jina lake lilikuwa limeporomoka kwenye orodha ya dunia mpaka mashindano makubwa yakaacha kumpokea. Kilichobaki ni sisi. Timu yetu ya wanawake ilikuwa daraja la pili la taifa, na Gesine alikuwa mchezaji wake wa kwanza. Kapteni wetu, Almut Dierkes, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, alimwambia waziwazi: "Tukibaki daraja hili, unacheza mwaka mwingine. Tukishuka, dada, nitakupangia wapi? Na akina mama wa Jumatano, wanaocheza kujifurahisha?"

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili ya Julai, nyumbani, dhidi ya Brakenfeld, mji wa jirani tunaoupenda kama jino bovu.

Alhamisi kabla yake Gesine alishuka kwangu na raketi tatu.

"Nizikaze kilo ishirini na tano kama kawaida?" nikamuuliza.

"Ishirini na mbili."

Nikaweka koleo chini. "Ishirini na mbili ni za akina mama wa Jumatano, mwanangu."

"Basi wiki hii mimi ni mama wa Jumatano."

Hakucheka, nami sikucheka. Nyuzi zilizolegea huurusha mpira zenyewe. Hufungiwa mtu ambaye mkono wake hauwezi kuurusha. Nikamtazama bega la kulia. Akalishika kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili. Nikianzisha mpira kuelekea katikati, naweza. Ule wa kutoka nje, pembeni kabisa, siwezi tena. Mkono unafika sikioni, unakataa."

"Nani anajua?"

"Daktari, na yeye yuko mbali. Henning. Na sasa wewe." Akanishika kiganja. "Hata shangazi Irmtraud usimwambie. Huyo mtoto wa Brakenfeld akijua, atasimama katikati tu anisubiri."

Sikumwambia hata Irmtraud. Alinisikia usiku nikigeukageuka, akaniuliza kuna nini, nikasema tumbo. Akanipa chai ya shamari, nikainywa yote, chungu ilivyo.

Jumapili kulikuwa na joto, na watu walikaa hadi kwenye majani nyuma ya viti. Mpinzani wa Gesine alikuwa Tabea Ostkamp, msichana wa miaka kumi na tisa, miguu mirefu, nywele amezisuka kama mwanafunzi. Baba yake alikuwa ameniletea raketi zake Jumatano. Ndiyo, niliwafungia watu wa Brakenfeld pia. Katika wilaya nzima mashine ya maana ilikuwa yangu.

Gesine alianzisha mpira wa kwanza. Tabea alikuwa amesimama katikati. Si karibu na katikati: katikati hasa, ameuacha upande wa nje wazi kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Hakuna mtu anayesimama hivyo mbele ya mchezaji aliyewahi kuwa katika mia bora duniani, ila awe mjinga au awe ameambiwa. Msichana yule hakuwa mjinga.

Gesine alitulia, akaudundisha mpira mara nyingi kuliko desturi yake. Nilimwona anauona mlango ule ulioachwa wazi. Kwenye gemu ya tatu alijaribu kupita hapo. Mpira ulianguka chini ya wavu, na yeye akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa imefungwa. Baada ya hapo aliendelea kupiga katikati, na Tabea akaendelea kumngojea palepale. Akashinda sita kwa tatu, sita kwa nne.

Ndipo alipokuja uzioni akaniuliza lile swali.

"Sikumwambia mtu," nikasema.

"Amesimama pale tangu mpira wa kwanza, Mjomba! Wa kwanza!"

"Nimeona."

Almut akasogea. "Kwani kumwambia nini? Lothar, si wewe unayewafungia hata Brakenfeld?"

"Nawafungia nyuzi. Siwafungulii mdomo."

"Baba yake yule binti alikuwa kwako Jumatano," akasema mtu nyuma. "Gari lao nimeliona mlangoni."

"Ile mashine ina masikio," mwingine akatupia, na watu wakacheka kicheko kile cha watu wanaoshindwa.

Raketi zile za Tabea zilikuja Jumatano, na Gesine alikuja Alhamisi. Nilitaka kulisema hilo, lakini baba yake Tabea alizifuata Ijumaa, na nikajua kwamba nikieleza nitaonekana ninahesabu siku kama mwizi. Wakati huo Henning alikuwa amefika, na taulo la dada yake begani. Akamzungushia mkono.

"Mwache, Gesine," akasema kwa upole. "Huenda alisema bila kukusudia. Tunamjua Mjomba Lothar, anapenda kuongea na wateja. Ni mzee wetu."

Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Nilimtazama usoni, naye akanitazama moja kwa moja, na sikuona kitu. Mpaka leo hilo ndilo linalonishangaza.

Michezo ya wawili wawili ilipokwisha tulikuwa tumefungwa tano kwa nne. Tumeshuka kwa pointi moja, na kila mtu alijua ni ipi. Nikavua aproni ya kuchomea soseji, nikataka kwenda zangu. Irmtraud akanizuia penye majiko.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Ukiondoka sasa umekiri. Geuza soseji."

Nikageuza soseji.

Kwetu mechi haimaliziki uwanjani. Wenyeji huwalisha wageni, na kila mchezaji hukaa ubavuni mwa yule aliyecheza naye, awe amemshinda au ameshindwa. Kuondoka kabla ya kahawa ni aibu ambayo watoto wako watakumbushwa. Kwa hiyo Gesine alikaa, na Tabea akakaa karibu naye, ana saladi ya viazi mbele yake ambayo hakuigusa kwa kuona haya. Henning alikuwa amekwenda kupakia gari. Nilikuja nyuma yao na sinia.

"Bi Vollmert," msichana akasema, "nilikuwa na picha yako ukutani. Ile ya Paris. Mama yangu hataamini kwamba nimekaa hapa."

"Umecheza vizuri," Gesine akasema.

"Ah, mimi! Ni Henning. Wiki nzima tulifanya kitu kimoja: simama katikati, simama katikati. Mpaka nikaota." Akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake. "Alisema hutajali. Alisema leo ndiyo unaacha, mmeshaagana kikazi, na yeye Agosti anaanza kwetu. Sisi wote tumefurahi sana."

"Alisema ninaacha."

"Ndiyo… Si kweli?"

"Kula, saladi yako inapata joto," Gesine akasema.

Msichana akaanza kula. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ameshukuru tu, kama alivyofundishwa nyumbani. Meza zilikuwa na kelele, na zaidi ya sisi watatu hakuna aliyesikia. Gesine akainua macho akaniona nimesimama na sinia. Nikasema moyoni: sasa. Hatua chache tu kutoka pale alikuwapo Almut, na mwenyekiti wetu, daktari wa meno Plessow, na wote waliocheka. Neno moja lingetosha.

Akachukua soseji moja kwenye sinia. "Asante, Mjomba," akasema, akageuka.

Nilijiambia amepigwa na mshtuko. Mtu aliyeangushwa na ndugu yake hawezi kusimama siku hiyohiyo. Nikampa siku tatu, na siku ya tatu akaja, akashuka ngazi polepole, mikono mitupu.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Nilimuuliza. Hakukataa. Aliniambia, 'Miaka kumi na mbili nimebeba mabegi yako, Gesine. Ulitaka nibebe mpaka lini? Usingeacha mwenyewe. Ilibidi mtu akuachishe.'" Akakaa juu ya gunia la viazi kama alivyokuwa akikaa utotoni. "Walitaka waone kazi yake kabla ya kumwajiri. Basi akawaonyesha."

Nilimhurumia. Nataka hilo lijulikane. Nilimhurumia mpaka nikasahau shida yangu, nikataka kupanda juu nimwombe Irmtraud akoroge kahawa. Ndipo aliposema:

"Mjomba, naomba ubaki umenyamaza."

"Nimenyamaza tayari."

"Naomba uendelee. Ikijulikana, Brakenfeld watamfukuza. Nani anataka kocha aliyemuuza dada yake? Ana watoto wawili, na hana ufundi mwingine. Aliuacha kwa ajili yangu."

"Na mimi?"

"Wewe una nyumba yako. Una shangazi. Watu watasahau."

"Watu hawasahau. Wanazoea."

"Sikuombi useme uongo…"

"Hapana. Unaniomba niwe uongo wenyewe."

Akalia. Nilimwacha alie, kisha nikamwambia niliyoyaamini, na bado nayaamini: "Kutoka kwangu hakuna atakayelijua jina la Henning. Sitalitaja. Lakini uliniuliza mbele ya watu. Mbele ya watu haohao sema tu, 'Si Lothar.' Maneno mawili. Usimtaje mtu."

"Wataniuliza ni nani."

"Utasema hutaki kusema. Wewe ndiye uliyeshindwa, nani atakulazimisha?"

Akafuta uso. "Nipe muda."

Nikampa. Kwa nini sikwenda kupiga kelele mwenyewe? Irmtraud, ambaye sasa nilikuwa nimemweleza yote, aliniuliza hivyo kila Jumapili. Nilimjibu kwamba neno la mshitakiwa halinunui kitu. Aliyekupaka tope hadharani ndiye akuoshe hadharani. Ukijiosha mwenyewe watu husema kumbe alikuwa mchafu.

Vuli ikapita. Henning alianza kazi Brakenfeld, na watu wakasema timu imeshuka, mtu lazima ale. Akina mama wa Jumatano wakaanza kupeleka raketi zao duka la mji mkubwa, mwendo wa saa nzima kwa gari, na tukikutana kwa mwokaji wakawa wanauliza habari za magoti yangu. Waliobaki kunijia ni Brakenfeld. Hawakuwa na sababu ya kunikwepa, maana wao walijua nani aliwaambia. Na hilo nalo, la magari ya Brakenfeld kusimama mlangoni pangu, likawa ushahidi zaidi.

Mkutano mkuu wa klabu ulifanyika Februari, Jumapili baada ya kanisa. Irmtraud alinipigia pasi shati jeupe. Ukumbi ulijaa kwa sababu ya Gesine: alikuwa ametangaza kwamba ameacha tenisi ya kulipwa, na klabu ilikuwa imempa kazi ya kufundisha watoto. Dokta Plessow akasoma maisha yake yote ya uwanjani, Taranto na Budapest na Paris, akayatamka majina ya miji kama anayapiga busu. Akambandika beji ya dhahabu kifuani. Tukasimama wote tukapiga makofi. Nami nilipiga, na niliyapiga kwa moyo, kwa sababu kazi ile niliijua uzi kwa uzi.

Ajenda ya mwisho kwetu huitwa Mengineyo. Hapo mtu yeyote anaweza kusimama na kuuliza, hata kuhusu taa ya chooni. Kwa kawaida mwenyekiti huuliza huku ameshaanza kufunga karatasi.

"Mengineyo? Hakuna? Basi…"

Nikasimama.

"Lothar Wenzke," akasema Plessow, na ukumbi ukanyamaza ghafla, nikajua kwamba hakuna aliyesahau chochote.

"Nina swali moja kwa Gesine. Mwezi wa Julai uliniuliza kitu mbele ya watu hawa. Nataka kujua kama ulipata jibu."

Aligeuka kitini. Beji iling'aa. Alinitazama, na kwa muda mfupi nilimwona yule wa miaka minane anayetafuta maneno, nikamtikisia kichwa kidogo kumpa moyo, kama nilivyofanya kila alipokwenda kucheza. Si Lothar. Maneno mawili tu.

Akasimama. Akaja katikati ya viti mpaka nilipo, akanishika mikono yote miwili.

"Mjomba Lothar," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "yaliyopita yamepita. Mimi nimeshakusamehe."

Makofi yakaanza kwa Almut. Kisha ukumbi mzima. Kuna waliofuta machozi. Mtu alinipiga bega akasema, "Haya, mzee, yameisha," na Plessow akatangaza kwamba hiyo ndiyo roho ya klabu yetu, na kwamba kinywaji kinachofuata ni juu yake. Nilisimama mikono yangu ikiwa ndani ya mikono ya Gesine. Alikuwa anaibana kwa nguvu na hakuwa anatazama macho yangu. Alikuwa anatazama kifungo cha shati.

Nikaitoa mikono yangu taratibu. Nikachukua koti. Irmtraud alikuwa ameshasimama.

Gesine alitufuata hadi kwenye maegesho bila koti, theluji ikiwa chini.

"Mjomba, subiri! Sikupata maneno mengine. Lakini umeona? Sasa wamekupokea. Wataleta raketi zao kwako tena, na mimi nitakuletea za watoto wote. Kila kitu kitakuwa kama zamani."

"Wamenipokea kwa kosa la nani?"

Alizitazama nyayo zetu kwenye theluji.

"Ungenyamaza ningekuelewa," nikamwambia. "Ungesema hujui, hata hilo ningelimeza. Lakini umenisamehe."

"Mjomba Lothar…"

"Bwana Wenzke," nikasema.

Kwetu mtu mzima akishamruhusu mtoto kumwita mjomba, halirudishi jina hilo. Sijawahi kuona mtu amelirudisha. Gesine alilielewa kabla sijamaliza kulitamka. Alirudi nyuma hatua moja, akaiwekea mkono ile beji kama mtu anayezuia baridi isiingie.

Irmtraud akanishika kiwiko kwa sababu ya barafu.

"Siku njema, Bi Vollmert," nikasema, tukaenda nyumbani kula.